Mawingu ya Lukozi

Mwezi wa Julai milima ya Usambara hufunga. Unaamka Lushoto, unafungua dirisha, na mti wa jirani huuoni. Wapiga picha wengi niliokutana nao huko huagiza chai wakangoja jua. Mimi huvaa koti, nikabeba kamera ya filamu na stendi yake, nikapanda gari la Lukozi. Picha za nyeusi na nyeupe ninazozithamini kuliko zote nimezipata siku za namna hiyo, baada ya kuharibu nyingi.

Nilianza kwa kukosea mbingu. Wingu likitanda, macho hudhani kila kitu kimefifia sawasawa. Sivyo. Wingu lenyewe ndilo taa, nalo hung'aa kuliko bonde lililo chini yake kwa stopu mbili au tatu. Kipima mwanga cha kamera nacho hakijui kimeelekezwa wapi. Chochote kinachokiona hukichukulia kuwa kijivu cha wastani. Siku yangu ya kwanza pale Irente, kwenye ukingo wa mwamba unaotazama Mombo na mashamba ya mkonge ya Mazinde, kila fremu niliijaza mbingu nusu nzima. Nilipoisafisha filamu nilikuta kijivu kitupu juu na weusi wa masizi chini, fremu zote 36. Tangu hapo naipima ardhi, na mara nyingi mbingu naiacha nje kabisa. Wingu lisilo na umbo hukaa juu ya picha kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mbingu ikishatoka unabaki na ardhi, na ardhi ya siku ya mawingu ni ngumu. Jua likiwaka, kivuli hukuchorea umbo la kilima bila wewe kuhangaika. Wingu likitanda, mwanga unashuka kutoka kila upande na vivuli vinayeyuka. Lukozi, kwa macho, ni pazuri mno: udongo mwekundu uliolowa, matuta ya kabichi yakishuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni. Lakini wekundu ule na kijani kile, vikiingia kwenye filamu isiyo na rangi, vinaweza kutoka kijivu kimoja, na shamba zima likalala kama mkeka. Misimu miwili nilirudi nyumbani na mikeka.

Filta nyekundu nilikuwa nayo mkobani muda wote. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kazi yake ni kuikoleza mbingu ya bluu, na kwa kuwa bluu haikuwepo, sikuwahi kuitoa. Siku moja niliifunga kwenye lenzi kwa kujaribu tu. Mbingu haikubadilika hata kidogo. Ila filta hiyo hupitisha wekundu na kuzuia kijani, kwa hiyo udongo ulipanda ukakaribia rangi ya majivu, kabichi zikashuka hadi karibu na weusi, na kila tuta likasimama peke yake. Niliitazama negativu ile chini ya taa hadi macho yakauma. Umbo nililokuwa nalitafuta kwenye mwanga lilikuwa kwenye rangi.

Filta hiyo hula stopu tatu. Kwa filamu ya ISO 400 na f/11, chini ya wingu zito, 1/60 ya sekunde inakuwa 1/8, na kwa kasi hiyo kamera haishikiki mkononi. Kabichi huvumilia. Mahindi hayavumilii, upepo kidogo tu, majani yanageuka moshi. Kwa hiyo nasimama, waya wa kufyatulia mkononi, nikingoja upepo ukate pumzi. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia karoti aliniangalia nikisimama hivyo karibu nusu saa.

“Mwanangu, jua lenyewe hakuna. Itatoka kweli hiyo?”

“Itatoka, mama. Nangoja upepo tu, wingu naliomba lisiondoke.”

Akaegemea jembe, tukangoja wote.

Kazi nyingine iko nyumbani, kwenye dawa. Ilford HP5 Plus kwenye ID-11 isiyoongezwa maji husafishwa dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Filamu za siku ya mawingu mimi huziacha hadi tisa. Muda wa ziada huyasukuma maeneo yenye mwanga zaidi ya yale ya giza, hivyo kijivu kilichobanana kinatanuka. Ni hesabu ambayo wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer waliipangia ngazi zake kule Marekani karibu na mwaka 1940. Ukizidisha sana chembe hunenepa, na ukungu wa Usambara haupendezi ukiwa na chembe nene.

Ukungu huo ndio hunisimamisha kwenye msitu wa Magamba wakati wa kurudi. Ndani ya msitu sihitaji filta. Shina la kwanza la mkulo ni jeusi, la pili la kijivu, la tatu ni kama pumzi kwenye kioo. Umbali wenyewe unafanya kazi ya kivuli. Julai iliyopita nilifika pale nikiwa nimebakiwa na fremu mbili. Ya kwanza niliipiga shina la tatu likiwa bado linaonekana. Nilipomaliza kusogeza filamu lilikuwa limeshamezwa, nikakaa chini ya mti kulingoja mpaka giza likaingia.