Vazi Lipendwalo na Furaha ya Moyo



Katika vikundi tunavyovifundisha hapa Kinsevere, ipo sababu moja ya kukosa Misa inayotajwa kuliko ugonjwa, kuliko hata mvua: "Baba katekista, sina nguo." Anayeyasema hayo amevaa, tena amevaa safi. Anachokosa ni nguo ambayo akiivaa atathubutu kupita katikati ya kanisa huku macho ya wenzake yakimfuata hadi kwenye benchi. Wazee wengine huyaita hayo majivuno. Sisi hatukubaliani nao. Tumevuka miaka hamsini, tumefundisha watoto na walimu wa watoto, na tumeona kwamba nguo mtu aipendayo humbadilisha hata mwendo.

Watazameni wanaofanya kazi mgodini. Kinsevere ni mahali pa shaba, kilomita kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu la malori hupaka kila kitu, majani ya mihogo na kamba za kuanikia. Juma zima kijana yumo ndani ya ovaroli yenye mistari ya kung'aa, sawasawa na ya mwenzake, ili dereva amwone. Ni vazi jema; huokoa maisha. Lakini mtazameni Jumamosi jioni anaponyoosha shati lake moja jeupe kwa pasi ya makaa, akipuliza jivu lisiangukie kola. Hajalivaa bado, na tayari anaimba.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2012, huko Marekani, Hajo Adam na Adam Galinsky waliwavika watu koti jeupe na kuwapa majaribio ya umakini. Walioambiwa kwamba koti ni la daktari walifanya vizuri zaidi kuliko walioambiwa kwamba koti lilo hilo ni la mchoraji. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia sehemu ya jaribio hilo, wala hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo tusiwabebeshe wataalamu mzigo wa kuthibitisha kila kitu. Hata hivyo wazo lao linatufaa: kitambaa peke yake hakifanyi kazi, hufanya kazi pamoja na maana ambayo mvaaji amekipa.

Maana hiyo haitolewi kwa amri. Wazazi wenu wanakumbuka abakosti, koti lile lisilovaliwa na tai, ambalo jina lake lilitokana na maneno ya Kifaransa ya kuiangusha suti. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilitaka wanaume walivae, na wanawake wakakatazwa suruali na nywele za bandia. Tarehe 24 Aprili 1990, siku alipotangaza mwisho wa chama kimoja, suti na tai zikaruhusiwa tena. Tulikuwa tukisomea ualimu wakati huo. Juma lililofuata mzee mmoja aliyetufundisha mbinu za kufundisha aliingia darasani na tai nyembamba, ya mtindo wa zamani, inayonuka dawa ya nondo kutoka sandukuni. Hakusema neno juu ya siasa. Alifundisha sehemu na desimali, na kila alipomaliza kuandika ubaoni alipangusa chaki kwenye vidole kabla ya kuigusa ile tai. Hatujamwona tena mtu akifundisha desimali kwa furaha namna ile.

Lakini marehemu baba yetu aliomba azikwe na abakosti yake, na ndivyo tulivyomzika. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza na aliipenda. Vazi lililokuwa kongwa shingoni mwa mmoja lilikuwa heshima ya mwingine.

Mtatuuliza juu ya masapeur. Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016, aliwafundisha vijana wa nchi hii kwamba maskini pia anaweza kutembea kama mfalme, na katika hilo tunamheshimu. Stervos Niarcos yeye alikwenda mbali zaidi, akasema kitendi, yaani nguo, ni dini. Hapo tunamwacha. Tunamjua kijana aliyekopa ili anunue viatu vyenye jina la Ulaya: kila alipovivaa alitazama huku na huku asikutane na mdai wake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Ya mkopo nayo humnyima mtu usingizi.

Tumeandika haya kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu. Sikukuu ya somo wa parokia inakaribia, na kwaya ya vijana inataka kikwembe kipya cha sare. Hoja yao ina nguvu. Kila tarehe 8 Machi tunawaona mama zetu wakitembea katika kitambaa kimoja, na furaha yao si ya kubuni. Kuna utamu wa kufanana na wenzako, hasa kwa yule ambaye siku nyingine zote huhesabiwa kuwa wa mwisho. Tena sare huficha nani anacho na nani hana. Huficha, lakini baada ya kulipiwa.

Mwaka jana fedha hazikupatikana, tukakubaliana kila mmoja aje na nguo anayoipenda kuliko zote. Msichana mmoja alikuja na kikwembe kilichopauka, kimeshonwa upya upande mmoja. Kilikuwa cha mama yake, aliyefariki. Alituambia kwamba anapokifunga kiunoni husikia kama mama ndiye anayemfunga, na kwamba siku hiyo aliimba sauti ya juu bila kuogopa. Mvulana mwingine alivaa shati la mtumba lenye maua makubwa ya njano, tukacheka, naye akacheka kuliko sisi. Kwaya haikupendeza kwa macho ya mpiga picha. Iliimba vizuri.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, kikao kitaamua. Sisi tutapendekeza kitambaa kidogo cha kufanana, cha kufunga kichwani au shingoni, na mengine kila mtu avae alipendalo; wengi, tunajua, watapinga. Fundi cherehani wa jirani na parokia anasubiri jibu. Ameshapima watu kumi na wanane. Wanne bado hawajafika kupimwa, na yule msichana wa kikwembe ni mmoja wao.