Alfajiri za Salfa

Mikorosho ya Newala hukaribia kuchanua kuanzia Juni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 majira hayo tuliyajua kwa mngurumo wa mashine kabla hata ya adhana. Vijana walizibeba mgongoni, wakapita shamba kwa shamba wakipuliza salfa. Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa ndani ya wingu la manjano.

Hakuna aliyelalamika. Wazazi wetu walikuwa wameuonja ukata. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hazikufika hata 30,000. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, mikorosho ikabaki huko nyuma, ikamezwa na pori. Kisha ukaingia ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele waliposema salfa ndiyo dawa, nani angebisha?

Unga huo hupulizwa alfajiri kwa sababu umande huushikisha kwenye maua, na upepo unakuwa bado haujaamka. Balaa yetu ilikuwa hapo hapo. Hewa tulivu iliifaa mikorosho, lakini wingu nalo lilikosa pa kwenda, likatukalia. Na kwetu mkorosho haukuwa wa shambani tu. Ulikuwa nyuma ya choo, kando ya dirisha, hadi uwanja wa shule.

Kaka yangu alikuwa mpulizaji. Kinga yake ilikuwa kipande cha khanga ya mama, amejifunga puani. Alirudi kope zimejaa unga, jasho likiuteremsha machoni.

"Usifikiche, mwanangu, nawa!" mama alimkemea.

Anawe kwa maji yapi? Juu ya Uwanda wa Makonde maji yetu yalikuwa ya kukinga mvua iliponyesha, nasi tuliyakinga kwa bati lile lile lililotuliwa na salfa tangu Juni. Mvua za kwanza tuliziacha zioshe paa, huku ndoo zikisubiri. Bangili ya fedha ya bibi ilikuwa nyeusi kila msimu. Mwishowe akachoka kuisugua.

Miaka ya baadaye nilisoma kwamba watafiti walipima udongo wa mikoroshoni, wakakuta salfa inauongezea tindikali. Kwetu sikumbuki mtu aliyekuja kupima hewa, wala kifua cha kaka, aliyekohoa kila Agosti na kila Juni akaiomba mashine tena. Juzi nilimuuliza kama hajutii kazi ile. Akanitazama, akacheka.

"Kwani ada yako, mdogo wangu, unadhani ilitoka wapi?"