Umbali wa A na M

Sarafu ni maandishi. Ina maneno, tarakimu na jina la nchi, na mara nyingine hata herufi za mwanzo za jina la msanii aliyeichora. Hupita mikononi mwa watu wengi kuliko kitabu chochote, lakini nani huisoma? Tunaitambua kwa ukubwa na rangi yake, tunaihesabu, tunaitoa. Akitokea mtu akatuuliza ni maneno gani yaliyoandikwa juu ya sarafu tuliyoishika asubuhi, wengi wetu tutabaki tukikuna kichwa.

Kwa miaka sita sasa, hapa Iowa ninakoishi, nimekuwa nikizisoma senti za Marekani. Wenye shughuli hii huiita uwindaji: unatafuta, ndani ya chenji ya kila siku, sarafu ambayo kwa jicho la haraka ni sawa na wenzake wote, ila ina tofauti ndogo iliyotokea kiwandani. Haihitaji mnada wala duka la vitu vya kale. Unakwenda benki na dola 25, unapewa sanduku zito lenye vifurushi 50 vya karatasi, kila kifurushi kina senti 50. Jumla ni sarafu 2,500. Unakaa mezani, unawasha taa ya pembeni, unashika kioo cha kukuzia, unaanza.

Tofauti iliyonivuta kuliko zote ni hii. Senti zilizotolewa tangu mwaka 1959 hadi 2008 zina kichwa cha Lincoln upande mmoja, na upande wa pili jengo la kumbukumbu yake. Juu ya jengo yamepangwa kwa upinde maneno UNITED STATES OF AMERICA. Zitazame herufi mbili za mwanzo za neno la mwisho. Katika senti za kawaida za mwishoni mwa miaka ya tisini, nyayo za A na M zinakaribia kugusana. Katika sarafu maalumu zilizofuliwa kwa ajili ya wakusanyaji, herufi hizo zimeachiwa nafasi. Mwaka 1998, 1999 na 2000, baadhi ya mihuri ya chuma yenye nafasi pana ilitumika kufulia senti za kawaida kule Philadelphia. Katika kila mmoja wa miaka hiyo kiwanda hicho kilitoa senti zaidi ya bilioni 5. Zenye nafasi pana ni tone katika bahari hiyo, na za mwaka 1999 ndizo adimu kupita za miaka miwili mingine.

Yupo na shahidi wa pili. Chini ya jengo, upande wa kulia, kuna herufi FG, za Frank Gasparro aliyelichora. Pale A na M zinapoachana, FG husogea karibu na jengo. Pale A na M zinapokaribiana, FG hujitenga nalo. Mwindaji mzoefu hatosheki na shahidi mmoja, hasa sarafu ikiwa imechakaa.

Msomaji wa mashairi hatashangaa kwamba mtu anaweza kukesha kwa ajili ya unywele wa nafasi. Sisi ni watu wa mizani. Silabi moja ikizidi katika kipande, sikio linajikwaa kabla akili haijajua sababu. Kialama kimoja kidogo juu ya mstari hutenganisha sauti ya mwanzo ya ngoma na ile ya ng'ombe. Aliyezoea kupima kwa kipimo hicho ameshajifunza nusu ya kazi ya kusoma sarafu.

Nusu ya pili ni kujua jinsi tofauti inavyozaliwa. Mfano mashuhuri ni senti ya mwaka 1955. Zamani hizo, kuchonga muhuri wa kufulia sarafu kulihitaji kuugandamiza zaidi ya mara moja kwa kielelezo cha chuma. Safari ile mgandamizo wa pili haukuangukia pale pale ulipoangukia wa kwanza, na muhuri ukabeba kila herufi mara mbili. Senti zaidi ya 20,000 zilizotoka katika muhuri huo ziliingia mikononi mwa watu, na tarakimu za mwaka wake huonekana bayana kuwa mbili mbili hata bila kioo. Kwa Kiswahili nimezoea kuziita sarafu za herufi pacha. Pacha hao walizaliwa ndani ya muhuri, kwa hiyo kila sarafu ya muhuri ule inao, na kila pacha ana umbo kamili.

Kuna pacha wa uongo pia, nao ni wengi mno. Muhuri uliolegea ukitikisika wakati wa kupiga, huisukuma kando ya herufi na kuacha kama ngazi bapa, nyembamba. Mgeni huona herufi mbili. Mzoefu huona herufi moja iliyoburuzwa, isiyo na thamani yoyote ya ziada. Mimi huikumbuka tofauti hii kila nisomapo shairi ambalo vina vyake vimelazimishwa. Kwa mbali vinalingana. Ukikaribia, unaiona alama ya kuburuzwa.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayoachana kwa sauti moja tu ya mwanzo: zamani na thamani. Nadhani ukaribu huo umechangia kuwapotosha watu. Kule nyumbani wapo waliochimba mashamba na misingi ya majumba ya kale wakitafuta rupia za Mjerumani, kwa kusikia tu kwamba kila cha zamani kina thamani. Huku ughaibuni uvumi ule ule umebadili vazi. Huja kwa video fupi zinazodai kwamba senti iliyo mfukoni mwako italipa kodi ya nyumba. Ukweli ni mkavu zaidi. Senti nyingi za miaka ya 1940 huuzwa kwa bei ya pipi, ilhali ya mwaka 1999 yenye nafasi pana, ikiwa katika hali nzuri, huweza kumpatia mwenyewe dola mia na zaidi. Umri hausemi kitu. Kinachosema ni uchache, na hali ya sarafu, na kuwapo kwa mtu anayeitaka.

Nalijua jambo hili kwa sababu ya jirani yangu, mzee wa Fizi aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa hapa. Alikuwa na chupa kubwa ya maji iliyojaa senti, akiba ya miaka tisa ya kuosha vyombo hotelini. Dada yake alikuwa mgonjwa Kigoma naye alitaka kumwona. Kijana mmoja alikuwa amemwonyesha video, na mzee akaamini kwamba nauli imo ndani ya chupa.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi Kizungu sisomi. Utanisomea wewe."

"Mzee wangu," nikamjibu, "hapa hatusomi Kizungu. Tutatazama miguu ya herufi mbili tu, kama imegusana au imeachana."

Tulikaa jioni tatu. Sarafu zilikuwa elfu tano na mia tisa hivi. Kwanza tulitenga miaka, kisha tukaondoa zote zenye alama ya viwanda vingine, zikabaki zile zilizostahili kioo. Jioni ya kwanza nilikuwa nikimwonyesha. Ya pili tulikwenda sambamba. Ya tatu alikuwa akinitangulia. Mimi macho yangu yaliteleza juu ya neno AMERICA kwa sababu nalijua. Akili ilijaza kilichotarajiwa, ikapita. Yeye hakuwa na neno la kutarajia. Aliona maumbo mawili na uwazi kati yake, basi. Alipata tatu za mwaka 2000 na moja ya 1998, zote zimechakaa. Nilimweleza bei zake bila kumpamba: kwa jumla hazifiki dola 50. Alinyamaza kwa muda, akazitia tatu kwenye bahasha tuziuze. Ile ya 1998 aliifunga katika kona ya leso.

"Hii haiuzwi," alisema. "Nimeisoma mwenyewe."

Nauli ilipatikana baadaye kwa mchango wa watu wa kwetu, kama mambo yetu mengi yanavyopatikana.

Ninayaandika haya sasa kwa kuwa uwanja wenyewe unafungwa. Tarehe 12 Novemba 2025, kiwanda cha Philadelphia kilifua senti za mwisho za matumizi ya kawaida, zaidi ya miaka 230 tangu zile za kwanza za mwaka 1793. Sababu yake ni hesabu: katika mwaka wa fedha wa 2024, kutengeneza senti moja kuligharimu takriban senti 3.69. Siwezi kubishana na hesabu hiyo. Zilizopo bado ni fedha halali, lakini tawi la benki nilizoea halipati tena masanduku, na dukani bei zimeanza kukadiriwa kwa tano. Senti zitalala katika vibubu na droo. Zilizo adimu zitabaki kwa wauzaji, ndani ya vikasha vya plastiki, zimeshasomwa na kuandikiwa jina. Mzee wa kuosha vyombo hatakutana nazo kwa bahati.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa hasara. Uwindaji huu uliwezekana kwa sababu kitu adimu kilichanganyika na vitu vya kawaida, na kila mtu alikuwa na haki sawa ya kukiona. Ndiyo maana tangu mwanzo nimezirudisha benki sarafu zote nisizozihitaji, hata zenye tofauti ndogo ndogo ambazo tayari ninazo. Wengine nao wasome.

Maneno yana ustahimilivu kuliko chuma. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki uliigawa rupia yake katika heller 100. Utawala huo uling'olewa na Vita Kuu ya Kwanza na sarafu yake ikaufuata, lakini leo hii mtoto wa Dar es Salaam husema hana hela, bila kujua kwamba ametaja sarafu iliyokwisha kufa. Thumuni nayo, moja ya nane ya Kiarabu, ilipata kuwa nusu shilingi katika vinywa vya watu wa pwani. Huenda senti nayo ikadumu namna hiyo, sauti bila chuma.

Siku hizi nimegeukia sarafu za kwetu. Zile za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zinasema Kiswahili kitupu: senti tano ina samaki, senti ishirini ina mbuni, senti hamsini ina sungura, shilingi moja ina Mwenge, na upande wa pili, kuizunguka sura ya Nyerere, kuna maneno RAIS WA KWANZA. Wakati huo hapakuwa na wa pili, na neno "kwanza" lilikwisha kumwachia nafasi. Sijui wangapi kati yetu walilisoma kabla ya kununulia andazi. Aliye nayo nyumbani na aitoe, aiweke chini ya taa, apime nafasi za herufi zake. Na aliye na jina bora kuliko "herufi pacha" na anipe. Nitalipokea kwa shukrani.