Kilengeo cha Bunduki ya Mjomba

Katika mashamba ya mihogo na ufuta yaliyo nyuma ya Nangurukuru, wilayani Kilwa, nguruwe pori hawangoji mtu avune. Kundi moja hufukua tuta baada ya tuta kwa usiku mmoja. Nyama yao hatuli, na kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafii hata kuwagusa kwa unyevu ni najisi nzito, ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Anayeuawa hufukiwa pale pale. Ndiyo sababu mjomba wetu, mzee aliyepita miaka sabini, anamiliki kihalali bunduki ya marisaa, na ndiyo sababu sisi wapwa zake, alipolalamika kwamba imeanza kukosa, tuliona kumsaidia ni katika kuunga udugu.

Bunduki ya namna hii haina kilengeo cha nyuma. Nchani mwa mtutu pana kishanga cha shaba tu. Jicho la mpigaji ndilo linalokamilisha mstari. Mjomba alisema kishanga kimefifia, hakioni tena jua likishatua. Mmoja wetu akaagiza kutoka Dar es Salaam kilengeo cha kisasa, chenye kijiti chekundu cha plastiki kinachong'aa, na baada ya swala ya Ijumaa tukakaa barazani na bisibisi, msasa na gundi.

Watoto tuliwaondoa. Tukaikunjua bunduki, tukahakikisha haina risasi, tukachungulia mtutu kutoka upande wa kitako mpaka tukaona mwanga. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asimdhuru Muislamu, nasi tuliosoma chuo tulijiona tumetimiza adabu. Tulikuwa tumetimiza nusu yake.

Fundi baiskeli wa jirani alikuwa tayari na drili ili tukaze kilengeo kwa skurubu. Alhamdulillah, tulisita. Mtutu wa bunduki hiyo ni mwembamba, na tundu likipenya hadi ndani limekwisha kuuharibu. Kazi ile ilistahili fundi silaha mwenye kibali, wala si baraza la nyumbani. Badala ya kumtafuta, tukabandika kwa gundi, tukafurahi.

Asubuhi tulitundika gunia kwenye mkorosho, mwendo wa hatua thelathini. Mjomba alipiga mwenyewe, kwa kuwa leseni ni yake peke yake. Marisaa yakatua kwenye majani, chini kabisa ya gunia. Hilo tulilielewa baadaye: kilengeo kipya kilisimama juu kuliko kishanga, na kilengeo cha mbele kikipanda, mpigaji hushusha mtutu bila kujua. Tulikuwa tumeiharibu bunduki iliyokuwa nzima.

Risasi ya pili hatukuhitaji kuambiwa maana yake. Mjomba aligeuza mtutu kushoto, akapiga, na kanzu ya ndugu yetu iliyokuwa imeanikwa kwenye mpapai ikatoboka matundu. "Si lile jeupe?" akauliza. Ndani ya kanzu ile, tunamshukuru Mola, hapakuwa na mtu.

Hakuna mpwa aliyethubutu kunena. Nani amwambie mjomba wake kwamba haoni? Tulikunja mkeka kana kwamba mchezo umekwisha. Mama yetu, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyemkalia karibu jioni ile.

"Kaka, si kishanga. Ni jicho."

Mzee alinyamaza mpaka adhana ya Magharibi.

Lindi walimkuta na mtoto wa jicho, kote kulia na kushoto. Kabla ya kwenda huko alikubali bunduki ikahifadhiwe kituo cha polisi, kwa sharti moja: tukwangue gundi yote, isionekane na doa. Tulikwangua usiku kucha. Vijana sasa hulala dunguni na madebe na tochi, na mihogo, kusema kweli, imeliwa sehemu kubwa.

Jicho moja limekwisha kufanyiwa upasuaji. Kila anapopiga simu huulizia bunduki kabla ya kutuuliza hali, nasi humjibu: in shaa Allah, mjomba, tusubiri la pili.

Msikitini kwetu wapo wazee wengine wawili wenye bunduki kama hiyo. Kamati imewapangia safari ya kupima macho wiki ijayo. La bunduki bado hatujalitamka.