Usikojoe Hapa: Basi Wapi?

Ukiizunguka Mombasa kwa miguu, utasoma amri moja hadi uichoke. Iko kwa rangi nyekundu kwenye kuta za maghala, ubavuni mwa maduka, nyuma ya vituo vya matatu: USIKOJOE HAPA. Pengine wameongeza faini, na pengine mwenye ukuta, hasira zikiwa zimempanda, ameongeza tusi. Kibao cha kukuelekeza uende wapi badala yake, hicho utakitafuta mpaka ubanwe kwelikweli.

Mimi naishi Cardiff, mji mkuu wa Wales. Nao ni mji wa bandari kama wetu, uliotajirika kwa kusafirisha makaa ya mawe, na mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni waliweka makazi pale tangu enzi za meli za mvuke. Nikianzisha mazungumzo ya vyoo, ndugu zangu nyumbani husubiri ule wimbo wa kila aliyehamia Ulaya, kwamba kule kila kitu kipo na huku hakuna. Poleni, leo siuimbi.

Cardiff yenyewe ina uhaba. Katikati ya mji, mtaa wa The Hayes, kuna vyoo vya chini ya ardhi vilivyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Ni vizuri hivi kwamba vinalindwa kisheria kama urithi wa taifa. Vilifungwa. Yaani ukuta wake huruhusiwi kuubomoa, lakini ndani huruhusiwi kuingia. Habari ndiyo hiyo Uingereza nzima, na chanzo chake ni cha zamani: Sheria ya Afya ya Umma ya 1936 iliziruhusu halmashauri kujenga vyoo vya umma, haikuzilazimisha. Bajeti zilipobana, kisicho cha lazima ndicho kilichotangulia kukatwa. Na kama hayo hayatoshi, kwa miaka mingi choo cha umma kilichosimama peke yake kilitozwa kodi ya majengo ya biashara, kana kwamba mle ndani kuna mtu anauza viatu. Sheria ya kuondoa kichekesho hicho England na Wales ilipita 2021.

Wales hata hivyo walifanya jambo moja ambalo nalihusudu. Sheria yao ya afya ya umma ya 2017 inaitaka kila halmashauri iandae mkakati wa vyoo: ihesabu vilivyopo, iwaulize wakazi wanachokosa, kisha itangaze. Haiilazimishi kujenga hata kimoja, na wapo wanaoicheka kwa hilo. Lakini kule kuhesabu tu kumeleta faida. Choo cha maktaba, cha makumbusho, cha jumba la michezo ya kuigiza, cha mkahawa uliokubali kubandika stika dirishani, vyote vimeingia kwenye hesabu na kwenye ramani, na mtu mwenye simu anaweza kujua pa kwenda kabla hajatoka nyumbani. Kwa walemavu kuna utaratibu mwingine wa Uingereza nzima, ulioanza 1981: ufunguo mmoja wa aina yake, unaonunuliwa kwa pauni chache, unafungua maelfu ya vyoo vyao nchi nzima. Huombi mtu wala hujielezi kwa mtu.

Faida hiyo niliiona mama alipokuja kututembelea. Mama ana sukari, na mwenye sukari hawezi kuambiwa "subiri tufike." Tulipanga safari zetu kwa vituo: kutoka maktaba kuu hadi kwenye ghuba ya Cardiff, na kule ghubani chaguo letu likawa Senedd, yaani Bunge la Wales. Jengo liko wazi kwa umma, unaingia bure, ila mlangoni unakaguliwa kama uwanja wa ndege. Hebu fikiria kumwambia askari wa bunge la kaunti kwamba huna shida na mheshimiwa yeyote, umekuja msalani tu.

Mkoba wa mama ukapita kwenye mashine, wakauona una chupa tupu ya plastiki ya nusu lita. Askari akauliza, kwa adabu, ya kazi gani. Mama akanitazama nimjibie. Nikasema ni ya maji, jambo ambalo ni kweli. Alipotoka chooni akaniambia, "Bunge lao zuri, mwanangu, lakini mfereji wameuweka mbali."

Hapo ndipo Wazungu wanaponishinda. Choo kinang'aa, kinanukia limau, kina mashine ya kukausha mikono inayonguruma kama pikipiki, na pale maji yanapotakiwa hasa hakuna hata tone. Kila Mswahili ninayemjua Cardiff ana chupa yake mkobani au kwenye gari, na hakuna anayeitaja mbele ya wageni.

Sisi tuliyajua haya zamani. Katika magofu ya Gedi, kaskazini mwa Mombasa, nyumba za mawe za karne zilizopita zina vyoo vya shimo ndani na mahali pa kujioshea. Lamu, katika nyumba za kale, ndani ya birika la maji bafuni walifugwa visamaki ili waweze kula viluwiluwi vya mbu. Aliyefikiria kufuga samaki bafuni hakuwa mtu wa kufundishwa usafi. Ila usafi wetu ulijengwa ndani ya nyumba na ndani ya msikiti. Njiani hapakuwa pa mtu. Mgeni alikuwa mgeni wa fulani, na kwa fulani ndiko alikokwenda uani. Mji ulipojaa watu ambao si wageni wa mtu yeyote, wenye mabegi wameshuka kwenye basi la usiku kutoka Nairobi, tukabaki na ule ukuta na rangi nyekundu.

Mwanamume Mombasa hatapata tabu sana. Msikiti haukosi mtaa wa pili, maji yapo, kopo lipo, hakuna atakayemuuliza swali. Akishindwa kabisa, ukuta hauna mlango. Mwanamke hesabu yake ni nyingine. Misikiti mingine ina upande wa wanawake, mingine haina, na mingine inao lakini umefungwa mpaka Ramadhani. Anakwenda kituo cha mafuta, anaambiwa ufunguo anao jamaa aliyetoka kidogo. Anaingia mkahawani, ananunua soda asiyoitaka ili apate ruhusa, na soda hiyo itamrudisha chooni baada ya saa moja. Mzigo huu huuoni mpaka utembee na dada zako. Mwangalie mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambako mamia ya maelfu ya watu huvuka kila siku, utajua kwa nini wengi hawanywi maji tangu asubuhi. Jua la Mombasa unalijua.

Vyoo vya kulipia vipo, na hapa natofautiana na wenzangu wa Cardiff wanaoona kulipia choo ni aibu. Uingereza mjadala huo ulikuwa mkubwa hata Network Rail ikaacha kutoza kwenye stesheni kubwa inazozisimamia mwaka 2019. Sawa, wao wana serikali ya kufidia. Kwetu shilingi kumi au ishirini ndiyo inayonunua maji na kumlipa mtu wa kupiga deki.

Kuna kimoja nilichokipenda Mombasa, karibu na Mwembe Tayari. Mlangoni ameketi mama mtu mzima mwenye buibui, mbele yake kimeza, kibati cha sarafu, na vipande vya tishu alivyovikata mapema na kuvikunja pembe nne. Anakuuliza bila kuinua macho: "Ndogo au kubwa?" Jibu lako ndilo linaloamua idadi ya vipande. Nyuma yake kuna mapipa mawili ya maji, na kila kijumba kina ndoo na kopo. Siku maji ya mji yamekatika anakwambia kabla hujatoa pesa. Ramani ya Cardiff haijawahi kuniambia hivyo. Imeshanipeleka mpaka mlango wenye kufuli. Kasoro ni moja: choo chake kiko nyuma ya vibanda vya mitumba na hakuna hata mshale barabarani. Nilimuuliza kwa nini haweki kibao. Akasema kibao kinataka kulipiwa kibali, na wateja wake wanamjua.

Wateja wake wanamjua, ndiyo. Ila mji wa kitalii unaishi kwa wasiomjua. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira, nayo kazi ya maji na usafi huo ikapewa kaunti. Sidai kaunti ijenge kasri la vyoo kila kona. Miradi ya namna hiyo tumeiona ikizinduliwa kwa ngoma na kufungwa kwa mnyororo. Nadai rangi. Anayeshika brashi kuandika USIKOJOE HAPA aongeze mshale na umbali: CHOO, MITA 150, MAJI YAPO. Na huyu mama asitozwe kibali kwa kuusaidia mji kazi yake.

Kwa mnaokuja likizo ya Desemba: tembeeni na sarafu za kumi na ishirini, maana ukimpa mtu wa chooni noti ya elfu asubuhi hana chenji, na si wote wana namba ya M-Pesa ya kulipia. Fort Jesus vyoo viko ndani, kwa hiyo malizeni haja kabla hamjatoka kwenda Mji wa Kale. Ufukweni Pirates mkitoka baharini, ulizeni bei ya maji baridi ya kujisuuza chumvi kabla hamjamwagiwa kopo la kwanza. Na chupa ya nusu lita msiiache Ulaya. Siku mfereji ukikauka mtaihitaji hata Mombasa.