ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 6: Mfumo uliogoma kuamka

Niliwaahidi leo tuongelee ule usiku wa umeme. Kaa vizuri, maana hii ya leo ina mambo ya kompyuta ndani yake. Usiogope, hata mimi nina diploma ya uuguzi tu, kama nimeelewa mimi na wewe utaelewa.

Ilikuwa wodi ya watoto. Tupo wawili, watoto ishirini na wawili. Saa nane na kitu usiku umeme ukakatika. Jenereta ikawaka baada ya dakika kadhaa, taa zikarudi, mashine ya oksijeni ikarudi, kompyuta ya mezani ikawaka. Nikasema alhamdulillah. Kumbe nimewahi kushukuru.

Saa tisa kasoro ishirini bibi mmoja akapiga kelele, "Sista, mtoto!" Mtoto wa miaka miwili, kilo 11, malaria kali, ameletwa kutoka mapokezi ya dharura muda si mrefu kabla umeme haujakatika. Anapata degedege. Nikamlaza ubavu, mwenzangu akaleta oksijeni, mimi mkono ukaenda moja kwa moja kwenye diazepamu. Nikavuta dozi kwenye sindano.

Hapo nikajiuliza swali ambalo kila nesi analijua. Kule dharura walishampa ngapi?

Maana diazepamu si maji. Ukishampa mtoto dozi mbili, ya tatu inaweza kumzimia pumzi. Nikamuuliza bibi. "Walimchoma mwanangu, sijui mara ngapi, nilikuwa nalia." Mama mzazi alikuwa yupo wodi nyingine amejifungua. Faili la karatasi hakuna, kwa sababu siku hizi kila kitu tunaandika kwenye mfumo. Nikakimbilia kompyuta. Ukurasa wa mfumo haufunguki. Nikabonyeza tena. Haufunguki. Nikapiga simu dharura, nesi aliyempokea mtoto ameshaondoka na gari la wagonjwa kusindikiza rufaa. Daktari wa zamu yuko tiyeta, mama anafanyiwa upasuaji.

Nataka uelewe nilivyokuwa. Sindano mkononi, mtoto anatetemeka, na jibu lipo ndani ya boksi la chuma ofisi ya TEHAMA.

Mwenzangu ndo aliyeniokoa. Akasema, "Dada, sukari umepima?" Sikuwa nimepima! Tukapima: 1.8. Hapo hata ungempa diazepamu ya wodi nzima ungemuumiza tu, tatizo ni sukari. Tulikuwa na dekstrozi ya asilimia 50, tukachukua mililita 11, tukaichanganya na maji ya sindano mililita 44, tukapata 55 ya asilimia 10. Tukaipitisha polepole kwenye mshipa. Degedege likakata. Ile sindano ya diazepamu nikaiweka pembeni, mikono inanitetemeka mimi sasa.

Mtoto ametulia, lakini bado nina watoto wengine ishirini na moja, na wapo wenye dawa za alfajiri. Na huyu akirudia degedege sukari ikiwa sawa, je? Nikampigia kaka wa TEHAMA. Anakaa mbali, mvua inanyesha, bodaboda hakuna. Niseme ukweli, nilimfokea. Hakujibu hasira zangu. Akasema tu, "Sista, mlinzi ana ufunguo. Nenda kwenye chumba cha seva, nitakuongoza kwa simu."

Nikamwachia mwenzangu wodi, nikaenda. Chumba kina baridi, mashine inaunguruma, taa zake zinawaka kijani kabisa. Nikamwambia, "Mbona iko hai?" Akanijibu, "Mashine iko hai. Programu ndo haijaamka. Hivyo ni vitu viwili."

Akanipa neno la siri (asubuhi alilibadilisha, msihangaike). Kisha akanitajia herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza: systemctl status, halafu jina la programu. Nikamsomea kilichotokea. Kulikuwa na neno jekundu: failed. Akauliza, "Imeandika enabled?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi. Baadaye alinielewesha kwamba ingekuwa disabled, maana yake hakuna aliyeiagiza mashine iiamshe programu inapowaka. Watu wengi huiwasha programu kwa mkono siku ya kwanza, inafanya kazi miezi, wanasahau kuiagiza. Siku mashine ikizimika ndo wanajua. Ya kwetu iliagizwa. Iliamka, ikafa.

Akaniambia niandike journalctl -u, jina la programu, halafu -b. Hiyo ni kama kufungua ripoti ya zamu, tangu mashine ilipowaka tu. Nikasoma mstari wa mwisho mwisho: Connection refused. Saa iliyoandikwa ni 02:19. Akasema sasa tuangalie kanzidata, pale taarifa za wagonjwa zinapokaa. Hiyo ilikuwa kijani, active. Lakini kwenye ripoti yake, ilikuwa tayari saa 02:21.

Dakika mbili. Umeona?

Nikaona hata kabla hajaeleza, maana haya ni mambo ya zamu. Umeme ulipokatika ghafla, kanzidata iliporudi ilianza kukagua kumbukumbu zake kwanza, ikachelewa. Programu yenyewe ikawahi kazini, ikakuta stoo ya dawa imefungwa, ikagonga mara moja, haikufunguliwa, ikageuka ikaenda kulala. Stoo ilipofunguliwa hakuna aliyemwita. Siku zote kabla ya hapo kanzidata ilikuwa inawahi, kwa hiyo hakuna aliyejua kuna shida.

Akaniambia niandike sudo systemctl start na jina. Nikasubiri, nikauliza status tena. Kijani. Nikarudi wodini mbio, nikafungua jina la mtoto.

Diazepamu dozi mbili. Saa tano na nusu, na saa sita kasoro dakika kumi. Zimeandikwa vizuri kabisa, na jina la nesi aliyetoa. Ile niliyovuta ingekuwa ya tatu.

Nilikaa kwenye kiti. Mwenzangu akanipa maji, hakusema kitu.

Asubuhi kaka alikuja amelowa. Nikamwomba radhi. Akanionyesha alichorekebisha, mistari mitatu tu. After=mysql.service, yaani subiri kanzidata kwanza. Restart=on-failure, yaani ukianguka jaribu tena. Na RestartSec=30, yaani pumzika sekunde thelathini kabla ya kujaribu. Nikauliza kwa nini isijaribu papo hapo. Akasema ikijaribu haraka haraka mara tano ndani ya sekunde kumi, mashine inachoka nayo, inaiacha kabisa. Hata kugonga mlango kuna adabu yake.

Halafu akafanya kitu nilichokipenda zaidi. Jumamosi mchana, wodi zote zikijua, aliizima kanzidata makusudi, akaiwasha programu, tukaangalia ikishindwa na kujaribu tena. Kisha akaiwasha kanzidata, na programu ikaunganika yenyewe. Mwisho akaizima mashine nzima na kuiwasha. Ikaamka bila mkono wa mtu. Alisema mashine usiyowahi kuizima kwa hiari yako, huwezi kuapa kwamba itaamka.

Na sisi manesi tukarekebisha la kwetu. Mtoto wa degedege akitoka dharura, tunaandika kwenye plasta jina la dawa, dozi na saa, tunaibandika kifuani. Kipande cha plasta hakihitaji umeme. Na sukari inapimwa kabla mkono haujagusa diazepamu. Hilo nilifundishwa chuoni, usiku ule nikalisahau, sitaki kukuficha.

Mtoto aliruhusiwa siku ya tano, anakula ndizi. Bibi alinishika mkono akasema, "Mungu akubariki, wewe ndo ulimchoma ile dawa ya kumponya." Nikaitikia amina. Sikumwambia kuhusu ile nyingine ambayo sikumchoma.

Sehemu ya 7 nitawaletea kesho kutwa nikitoka zamu. Usiku mwema, na kama uko kazini saa hizi, pima sukari kwanza.