Nyumba Nayo Yataka Mchungaji

Katika nchi ya Lafey, iliyo katika Kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, hakuna awezaye kumwita mchunga ngamia mvivu. Mchungaji hodari humjua kila ngamia wake kwa jina, kwa alama aliyochomwa na hata kwa unyayo wake mchangani. Jioni huwahesabu wote. Mmoja akikosekana, huufuata unyayo wake hata ikiwa ni safari ya siku mbili. Jike mwenye mimba huangaliwa kwa muda wa miezi 13 hivi mpaka azae, na aliye mgonjwa hutafutiwa dawa mapema.

Bidii hiyo yastahili kusifiwa. Walakini mara nyingi mtu huyo huyo, arudipo kwa watu wake, hudhani kwamba kazi imekwisha. Mtoto aliyekohoa kwa siku kumi haulizwi hali. Binti aliyeacha kwenda shule haulizwi sababu. Mke akisema kwamba maji yamekwisha, huambiwa asubiri. Kama ni ngamia aliyekohoa, pasingekuwa na kusubiri.

Yafaa ikumbukwe kwamba kwa desturi ya Wasomali wafugaji, nyumba yenyewe ni kazi ya mwanamke. Yeye ndiye asukaye mikeka na kusimamisha miti iliyopindwa. Siku ya kuhama yeye ndiye aibomoaye na kupanga mizigo juu ya ngamia, na wafikapo kambi mpya huijenga tena. Hufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi. Tena, ngamia wapelekwapo mbali pamoja na vijana, mbuzi na kondoo hubaki karibu na nyumba mikononi mwake na mwa watoto, kwa kuwa hawawezi kuvumilia kiu kama ngamia. Basi mtu adhaniye kuwa nyumbani ni mahali pa kupumzikia tu, huona raha yake, lakini haoni kazi ya yule ampumzishaye.

Wako watakaojibu kwamba kazi ya malishoni ndiyo inayoilisha nyumba, na jawabu hilo ni la kweli. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua za misimu 5 mfululizo zilipungua sana katika nchi hizo kavu, na mifugo mingi ilikufa. Mwanamume aliyekaa kambini wakati ule, hali malisho yako mbali, angaliwapoteza wanyama wake na kuwatia watu wake njaani. Hapana awezaye kumlaumu aliyekwenda.

Lakini jambo linalotakiwa si kugawanya saa sawasawa baina ya zizi na nyumba. Linalotakiwa ni uangalifu wa namna moja. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kundi la ngamia lina daftari lake, nalo limo kichwani mwa mchungaji. Nyumba nyingi hazina daftari lo lote. Baba ajuaye ni ngamia gani amepunguza maziwa, yampasa ajue pia ni mtoto gani amepunguza chakula, yupi amesimama katika masomo yake, na mke wake alilala saa ngapi jana. Wala si aibu kwa mume kutia mkono katika kazi za nyumbani, kwani Waislamu wa huko wanajua kwamba Mtume Muhammad husimuliwa kuwa alishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe.

Kadhalika yawahusu watu wa mshahara na wa biashara. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mwenye duka Eastleigh katika Nairobi anaweza kupeleka fedha nyumbani kwa dakika chache. Hilo ni jema, ila fedha haziwezi kumuuliza mtoto kwa nini amenyamaza. Simu ile ile iulizayo bei ya mbuzi kila siku ya soko yaweza pia kuuliza habari za masomo, za homa, na za paa linalovuja.

Tena iko tofauti kubwa moja. Mtu akifilisika mifugo, ndugu wa ukoo wake humchangia wanyama wachache ili aanze upya, na baada ya miaka kadhaa kundi huweza kurudi. Miaka ya utoto iliyopita bila baba kuangalia haina wa kuichangia. Kwa hiyo kila mwenye nyumba, awe karibu au mbali, na awahesabu watu wake jioni kama awahesabuvyo ngamia, na amwonapo mmoja amekosa furaha, aufuate unyayo wake mapema kabla upepo haujaufuta.